Jina la Kosa: Kuutambua Unyanyasaji wa Kingono Chuoni na Kazini

Utangulizi

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa tatu ambaye alama zake za somo moja hazimo katika orodha iliyobandikwa kwenye ubao wa idara. Mtihani aliufanya, akatia sahihi katika orodha ya watahiniwa, na wenzake walioketi safu moja naye wamepata matokeo yao. Anapomwendea mhadhiri kuuliza, anaambiwa kwamba karatasi yake itatafutwa, ila arudi jioni watu wakishapungua. Jioni anaambiwa kwamba msichana mwenye sura kama yake hapaswi kuhangaikia alama. Wiki inayofuata anaambiwa kwamba ofisini hapana utulivu wa kuzungumza. Afadhali wakutane mjini Ijumaa. Alama bado hazijaonekana. Mwenzake wa chumbani anapomuuliza kisa cha kukosa usingizi, anajibu kwa neno moja tu: "Ananisumbua."

Mfano huu ni wa kubuni, lakini hapana msomaji wa jarida hili atakayeuona kuwa mgeni. Neno linalopaswa kutushughulisha sisi wanafunzi wa lugha ni hilo la mwisho. Kusumbua ndicho kitenzi ambacho wengi wetu hukitumia kulitaja jambo hili. Lakini mbu naye husumbua. Mtoto anayelia usiku husumbua, na paa linalovuja husumbua. Neno linalomtia mhadhiri huyo katika kapu moja na mbu halimsaidii mwanafunzi kuandika barua ya malalamiko, wala halimsaidii anayeipokea barua hiyo kung'amua kwamba mbele yake pana kosa lililotajwa katika sheria za nchi.

Madhumuni ya makala haya ni matatu. Kwanza, kuyapima majina ambayo Kiswahili kinalipa kosa hili na kuonyesha uzito wa kila jina. Pili, kueleza maana ya unyanyasaji wa kingono na namna ya kuutambua chuoni, shuleni na kazini kwa kurejelea sheria za Kenya. Tatu, kujadili lugha inayotumiwa kuuficha, na hatua anazoweza kuchukua anayetendewa.

Suala la Istilahi

Katika vyombo vya habari nchini Kenya, kosa hili na mengine yanayokaribiana nalo huitwa "dhuluma za kimapenzi". Istilahi hii imezoeleka mno, hata haishtui. Hata hivyo, ina kasoro kubwa. Mapenzi, kwa jinsi Waswahili wanavyolitumia neno hili katika nyimbo, mashairi na mazungumzo ya kila siku, hudokeza hiari na hisia za moyo. Mwanafunzi aliyetishiwa kunyimwa alama hakudhulumiwa katika mapenzi. Hapakuwa na mapenzi yoyote. Kulitia neno hilo hapo ni kumpa mtenda kosa utetezi kabla hajauomba, maana tayari tumekubali kwamba kilichokuwapo kati yao ni uhusiano wa nyoyo ulioharibika njiani.

Istilahi ya pili ni "unyanyasaji wa kijinsia". Hii inafaa zaidi, lakini ni pana. Jinsia hurejelea hali ya kuwa mwanamume au mwanamke pamoja na majukumu ambayo jamii humpa kila mmoja. Kwa hivyo, mwajiri anayekataa kumpandisha mwanamke cheo kwa kuwa ni mwanamke anamnyanyasa kijinsia, hata kama hajawahi kumgusa wala kumtamkia neno la ngono. Unyanyasaji tunaouzungumzia hapa ni tawi moja la mti huo, na tawi linastahili jina lake.

Kule Zanzibar, neno lililoshika mizizi ni "udhalilishaji". Uzuri wake ni kwamba linaonyesha athari kwa mtendewa: amefanywa dhalili, amevuliwa heshima. Upungufu wake ni ule ule wa upana. Tanzania Bara nako kuna istilahi ya "rushwa ya ngono", nayo ina nguvu ya kipekee kwa sababu inalihamisha jambo kutoka chumbani na kulipeleka ofisini. Inasema wazi kwamba mwenye cheo anadai malipo kwa huduma ambayo tayari analipwa mshahara kuitoa. Msimamo huo umeingia katika sheria: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo, haki au upendeleo. Hata hivyo, rushwa ya ngono ni aina moja tu ya kosa tunalolijadili. Kuna unyanyasaji usioahidi chochote wala kutishia kunyima chochote, kama tutakavyoona.

Neno jingine linalohitaji kutazamwa, japo linahusu kosa jingine, ni "unajisi", ambalo nchini Kenya hutumiwa kwa ngono na mtoto. Najisi ni uchafu unaohitaji tohara. Tunaposema mtoto amenajisiwa, uchafu tunamwachia nani? Sarufi yenyewe inajibu: uchafu umebaki kwa mtendewa, ilhali mtenda amekwenda zake safi. Huu ni ushahidi kwamba istilahi hazina ubaridi. Kila moja inapendelea upande fulani.

Katika makala haya tunatumia "unyanyasaji wa kingono". Nomino unyanyasaji inadokeza nguvu inayotumiwa vibaya dhidi ya asiye nayo, na kivumishi chake kinataja bila kupaka rangi kwamba nyenzo ya unyanyasaji huo ni ngono. Baadhi ya wasomaji huenda wakaliona neno ngono kuwa zito mno kutamkwa mbele ya wakubwa. Hoja hiyo tunaiheshimu, kwani lugha ya Mswahili ina staha yake. Lakini staha inayomzuia mtendewa kusema, huku ikimwacha mtenda aseme apendavyo, imekwisha kuacha kazi yake.

Kosa Lililokosa Jina

Mtu asidhani kwamba Kiswahili pekee ndicho kilichochelewa. Hata Kiingereza, ambacho ndicho tulichokopa dhana hii kwa umbo la kisheria, hakikuwa na jina mahususi lililoenea hadi miaka ya 1970. Mnamo 1975, katika mji wa Ithaca, jimbo la New York nchini Marekani, mfanyakazi mmoja wa kike wa Cornell University alikuwa ameacha kazi kwa kuchoshwa na mwanamume mwenye cheo aliyekuwa akimgusagusa na kumvizia. Alipoomba malipo ya wasio na kazi, alitakiwa aeleze kwa nini aliacha kazi. Hakuwa na neno. Sababu zake zikahesabiwa kuwa za kibinafsi, na ombi lake likakataliwa. Wanawake waliomzunguka walipoketi kutafuta jina, waligundua kwamba karibu kila mmoja wao alikuwa na kisa chake, na kwamba kila mmoja alikuwa amekiweka moyoni akidhani ni mkosi wake peke yake. Jina walilolichagua mwaka huo ndilo lililoingia katika vitabu na mahakama. Mnamo 1979, mwanasheria Catharine MacKinnon alichapisha kitabu kilichotoa hoja kwamba tendo hilo ni ubaguzi unaokatazwa na sheria, na mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubaliana na hoja hiyo katika kesi ya mfanyakazi wa benki.

Funzo la kisa hiki kwa wanaisimu ni kubwa. Jambo lisilo na jina halikosi kuwapo, ila hukosa kuhesabiwa. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hata asiyetaka kuficha hulazimika kuficha ikiwa hana neno la kumwambia tabibu.

Fasihi ya Kiswahili, kwa upande wake, ilikuwa imekwisha kuyaona haya. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilichapishwa mwaka 1971, miaka minne kabla ya mkutano huo wa Ithaca, ikionyesha jinsi wanaume wenye vyeo wanavyomzunguka msichana anayesoma. Iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa madai ya kukiuka maadili. Waliotahiniwa katika KCSE kati ya 2018 na 2022 nao wanamkumbuka Ashua katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, anayekwenda katika ofisi ya Majoka akiwa na shida na kukuta kwamba mwenye ofisi anamtaka yeye mwenyewe. Hapa pana swali kwa walimu na wahadhiri wetu: onyesho kama hilo tunapolijadili darasani, tunaliweka chini ya maudhui gani? Tukiliweka chini ya "mapenzi" au "uasherati", tumempa mwanafunzi kioo kilichopindika. Siku atakapoitwa ofisini jioni hatakumbuka kwamba alikwisha kulisoma jambo hilo.

Maana na Aina

Kwa ufupi, unyanyasaji wa kingono ni mwenendo wowote wenye sura ya ngono, wa maneno, maandishi, picha, ishara au kugusa, ambao anayefanyiwa hakuutaka, na ambao unamvunjia heshima au kumharibia kazi au masomo. Katika fasili hii mna nguzo tatu: sura ya ngono, kutotakiwa, na madhara. Sifa na adabu za kawaida hazimo. Kumwambia mwenzako kwamba amependeza siku ya mahafali si unyanyasaji. Kumwambia mwanamke yule yule, kila asubuhi, jinsi sketi yake inavyomkaa, huku ukiona anavyokwepa macho yako, ni jambo jingine kabisa.

Wataalamu huugawa unyanyasaji huu katika aina mbili kuu. Aina ya kwanza ni ya kubadilishana: nipe nikupe. Mwenye mamlaka anaifungamanisha haki ya mtu na ngono. Mwanafunzi atapata alama, tasnifu yake itasomwa, mwanagenzi atatiwa sahihi katika ripoti ya mafunzo yake, kibarua atapata mkataba, iwapo atakubali. Na akikataa atajua mwenyewe. Aghalabu sharti hilo halitamkwi. Linaelea tu hewani: "Wewe unajua unachopaswa kufanya." Mzungumzaji mjanja huacha pengo katika sentensi ili msikilizaji alijaze mwenyewe, na baadaye aweze kukana.

Aina ya pili ni ya kuyachafua mazingira. Hapa hapana ahadi wala tishio. Kuna mizaha ya matusi kila mkutano wa wafanyakazi, picha za uchi zinazotumwa katika kundi la simu la darasa, miluzi kutoka kwenye ngazi za bweni, mkono unaopumzika begani kuliko inavyostahili, na maswali kuhusu mambo ya chumbani anayoulizwa mfanyakazi mpya. Kila tendo likitazamwa peke yake huonekana dogo. Yakikusanyika, humfanya mtu aogope kufika kazini au ahame darasa. Haba na haba hujaza kibaba, hata kibaba cha uchungu.

Ni muhimu kusisitiza kwamba mtenda anaweza kuwa mwanamume au mwanamke, na vivyo hivyo mtendewa. Mvulana anayeshikwashikwa na msimamizi wake wa kike naye ananyanyaswa, na kicheko cha wenzake wanaomwambia kwamba ana bahati kinamfungia mlango wa pili. Aidha, mtenda si lazima awe mkubwa. Anaweza kuwa mwanafunzi mwenzako, mteja wa hoteli unakofanya kazi au mlinzi wa lango.

Sheria Inasemaje?

Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa utu wake katika kifungu cha 28, na katika kifungu cha 29 inampa haki ya kutotendewa ukatili wa aina yoyote, uwe wa hadharani au wa faraghani. Kifungu cha 41 kinamhakikishia mfanyakazi mazingira ya kazi yanayofaa. Chini ya paa hilo kuna sheria kadhaa ambazo kila mwanafunzi anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, ambayo mswada wake uliwasilishwa bungeni na Njoki Ndung'u, wakati huo akiwa mbunge maalum. Kifungu cha 23 kinamtia hatiani mtu aliye katika nafasi ya mamlaka, au mwenye wadhifa wa umma, anayeshikilia kumtaka mtu kingono huku akijua, au akiwa na sababu za kutosha za kujua, kwamba hatakiwi. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Mashtaka yanahitaji kuonyesha, miongoni mwa mengine, kwamba kukubali au kukataa kulikusudiwa kuwa msingi wa uamuzi kuhusu ajira au huduma, au kwamba mwenendo huo uliathiri kazi au masomo ya mlalamishi. Kifungu cha 24 ni kikali zaidi: mwalimu au mfanyakazi wa shule anayetumia nafasi yake kumshawishi mwanafunzi kufanya naye ngono anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 10.

Msomaji makini ataona mipaka ya kifungu cha 23. Kinahitaji mamlaka, na kinahitaji mwenendo wa kushikilia. Je, mwanafunzi mwenzako anayekupapasa katika foleni ya maktaba ameponyoka? La hasha. Kifungu cha 11A cha sheria hiyo hiyo kinaadhibu tendo chafu dhidi ya mtu mzima kwa kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 50,000, au vyote viwili. Kuhusu picha za siri zinazosambazwa kwa simu, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inakataza kusambaza picha za uchi za mtu bila haki ya kufanya hivyo.

Ya pili ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kifungu cha 6 kinafafanua unyanyasaji wa kingono kazini kwa upana kuliko sheria ya 2006. Kinamgusa mwajiri, mwakilishi wake na hata mfanyakazi mwenza. Kinataja ombi la ngono lenye ahadi au tishio, lugha ya ngono ya kusema au kuandika, picha za ngono, na mwenendo wa kimwili usiotakiwa unaomdhuru mfanyakazi katika kazi yake. Zaidi ya hayo, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa, baada ya kushauriana nao, kutoa taarifa ya sera inayofafanua kosa hili, kueleza njia ya kulalamika, na kuahidi kwamba jina la mlalamishi halitatolewa ila inapohitajika kwa uchunguzi au nidhamu. Mwanafunzi anayepelekwa kampuni fulani kwa mafunzo ya kazi ana haki ya kuuliza siku ya kwanza: sera hiyo iko wapi?

Kwa upande wa shule, Tume ya Kuwaajiri Walimu ilitoa waraka nambari 3 wa mwaka 2010 kuhusu kuwakinga wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono. Mwaka 2015, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitoa hukumu iliyobadilisha mengi. Wasichana wawili wa shule ya msingi walikuwa wametendewa unyama na naibu wa mwalimu mkuu. Mahakama iliamua kwamba mwalimu huyo hakuwa peke yake katika dhima: Tume iliyomwajiri na serikali nazo ziliwajibika, na wasichana hao wakapewa fidia ya jumla ya shilingi milioni 5. Hukumu hiyo ilikemea pia mtindo wa kuwahamisha walimu wa namna hiyo kutoka shule moja hadi nyingine. Wenzetu wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha na waikumbuke hukumu hii. Mwajiri anayemhamisha mkosaji bila kumwadhibu anaihamisha dhambi pamoja naye.

Jinsi ya Kutambua

Mara nyingi mtendewa hana hakika. Hujiuliza kama anakuza mambo. Maswali yafuatayo yanaweza kumsaidia.

Je, mwenendo huu ungefanyika mbele ya mashahidi? Mhadhiri asiyeweza kurudia maneno yake mbele ya mkuu wa idara anajua mwenyewe kwamba ni mabaya.

Je, ningeweza kukataa bila kuogopa hasara? Hiari hupimwa kwa uhuru wa kusema hapana. Ambapo jibu la hapana linaweza kuleta mwaka wa ziada chuoni au kupotea kwa kibarua, jibu la ndiyo halina uzito wa hiari.

Je, nimekwisha kuonyesha kwamba sitaki? Kuonyesha hakuhitaji maneno makali. Kuondoa mkono, kubadilisha mazungumzo, kuja na rafiki kila unapoitwa na kuacha kujibu ujumbe ni lugha inayoeleweka na kila mwenye nia ya kuelewa.

Je, nimebadilisha maisha yangu kwa ajili yake? Anayezunguka jengo zima ili asipite mlango fulani, anayeacha somo alilolipenda, anayevaa koti katika joto la Februari, amekwisha kulipia kosa ambalo si lake.

Lugha ya Kuficha

Unyanyasaji huishi ndani ya lugha kama mchwa ndani ya boriti. Kwanza kuna tasfida zinazoupunguza: "alikuwa akitania", "mzee ana mkono mwepesi", "huyo ndiye alivyo". Pili kuna majina ya mzaha. Mwanamume mwenye tabia hii huitwa fisi, na watu hucheka. Lakini fisi ni mnyama. Hula kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa. Mtu tunayemwita fisi tumemvua dhima, na tumemfanya mtendewa kuwa mfupa.

Tatu kuna lawama zinazogeuzwa. "Alivaa nini?" "Alifuata nini ofisini jioni?" "Mbona hakusema siku ile ile?" Kila swali kati ya haya linamhoji asiyeshtakiwa. Kuhusu kuchelewa kusema, tukumbuke kwamba hadi mwaka 2012 Sheria ya Makosa ya Kingono ilikuwa na kifungu cha 38 kilichomtishia anayetoa madai ya uongo kwa adhabu sawa na ya kosa lenyewe. Kilipofutwa, hofu yake haikufutika papo hapo. Mlalamishi bado hupima: nitaaminiwa? Na nitakapolalamika, ni nani atakayeketi kunisikiliza? Ikiwa ni rafiki wa mshukiwa, hiyo ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani.

Nchi hii ina kumbukumbu chungu ya mahali ambapo lugha ya kupunguza inaweza kutufikisha. Usiku wa Julai 13, 1991, katika shule ya upili ya mseto ya St. Kizito huko Meru, wavulana waliwavamia wasichana bwenini. Wasichana 19 walifariki na wengine wengi wakabakwa. Baada ya msiba huo, mmoja wa wasimamizi wa shule alinukuliwa akisema kwamba wavulana hawakuwa na nia ya kuwadhuru wasichana. Walitaka kuwabaka tu. Neno hilo "tu" lilizunguka dunia nzima. Halikuzuliwa siku ile. Lilikuwa limelelewa na miaka mingi ya kuitana majina, kupigiana miluzi na kuambiwa kwamba wavulana ndivyo walivyo.

Hatua za Kuchukua

Anayetendewa hana wajibu wa kuwa shujaa. Usalama wake hutangulia. Hata hivyo, kuna hatua zinazoweza kumsaidia. Anapoweza kufanya hivyo bila hatari, aseme wazi, kwa mdomo au kwa maandishi, kwamba hataki. Aandike kila tukio katika daftari: tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe jinsi yalivyotamkwa, na waliokuwapo. Maneno yasibadilishwe kwa tasfida, lililosemwa liandikwe. Aweke ujumbe wa simu bila kuufuta, hata kama unamtia kinyaa. Amweleze angalau mtu mmoja anayemwamini, kwani mtu huyo anaweza kuwa shahidi baadaye. Kisha awasilishe malalamiko kwa maandishi kupitia njia iliyowekwa na chuo au mwajiri, na abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Panapokuwa na kosa la jinai, aende kituo cha polisi na kuomba dawati la jinsia. Panapokuwa na ubakaji, afike hospitalini mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kukinga virusi vya UKIMWI na ushahidi uhifadhiwe. Nambari 116 hupokea simu za masuala ya watoto bila malipo, na nambari 1195 hupokea za dhuluma za kijinsia.

Nao tunaoambiwa tuna wajibu. Rafiki anaposema "ananisumbua", tusiishie kumpa pole. Tumuulize kwa upole: anafanya nini? Swali hilo dogo humpa nafasi ya kutaja. Na akishataja, tusimlazimishe kufanya tunalolitaka sisi. Uamuzi ni wake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba unyanyasaji wa kingono una fasili inayoeleweka, una aina zinazotambulika, na una sheria zinazouadhibu. Yameonyesha pia kwamba baadhi ya majina tunayoupa yanamsitiri mtenda. Kwa hivyo, chama chetu kina kazi ambayo vyama vingine chuoni haviwezi kukifanyia. Nakala za sera za unyanyasaji wa kingono hutolewa mara nyingi kwa Kiingereza cha mawakili, ilhali mfanyakazi wa jikoni, mtunza bustani na mwanafunzi aliyeingia juzi wanazihitaji kwa lugha wanayoota nayo. Tunapendekeza kwamba wanachama waombe sera ya chuo chetu, waitafsiri kwa Kiswahili fasaha kisichofumba, na waibandike pale pale kwenye ubao wa idara, kando ya orodha ya alama.

Mwanafunzi tuliyeanza naye atafika hapo kutafuta alama zake. Huenda asizione siku hiyo. Lakini ataona, kwa lugha yake, jina la jambo linalomkosesha usingizi, na chini yake pahali pa kulipeleka.